Treni Ikishaondoka Makutwe

Treni iliingia Makutwe saa tatu asubuhi bila kutikisa hata kokoto moja. Ilitanguliwa na honi yake, ile honi nzito ya kichwa cha dizeli, kisha kichwa chenyewe kikachomoza nyuma ya tangi la maji, rangi yake ya kijani imepauka kwa jua, na mabehewa yakafuatana nyuma yake hadi macho yakachoka kuyahesabu. Magurudumu yalipita juu ya majani yaliyoota katikati ya reli, na hakuna jani lililoinama. Kila dirisha lilikuwa limejaa vichwa vya watu. Hapo ndipo wanawake walipotokea kila upande wa stesheni, masinia juu, wakikimbia sambamba na mabehewa na kunadi kwa sauti za kukatana: kuku, mayai, karanga, kuku, kuku!

"Tosha," alisema Masanilo.

Treni ikamwagika. Haikuanguka kwa kishindo. Ilishuka polepole kama unga unaochekechwa, mabehewa na abiria na masinia, na baada ya pumzi mbili tatu jukwaa la stesheni likabaki tupu, limefunikwa na utando mweupe mwembamba.

Utando huo uliitwa vumbi-nuru. Chembe moja ya vumbi-nuru ni ndogo kuliko punje ya unga wa ulezi, lakini inajua kuelea, inajua kubadili rangi, na inajua kukaa mahali pake hewani ikiambiwa. Chembe zikiwa nyingi vya kutosha, na zikiwa na kitu cha kuziongoza, zinaweza kusimamisha nyumba, mti au mtu, vyote vya mwanga tu, vya kutazamwa na si vya kushikwa. Kitu cha kuziongoza kilikuwa Kirejeshi, mtambo mdogo uliowekwa pembeni mwa jukwaa, usiozidi sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni. Ndani ya Kirejeshi mlikuwa na akili iliyokusanya picha zote walizopiga abiria kwa simu zao, enzi zile treni ilipokuwa ikisimama Makutwe: picha za mzaha, za harusi, za watoto wakila mahindi dirishani. Kirejeshi kiliziunganisha picha hizo, kipande kwa kipande, hadi kikapata stesheni nzima. Palipokosekana kipande, kilikisia. Kazi hiyo ya kukisia mafundi waliiita kujaza.

"Kuna kasoro?" aliuliza Masanilo.

"Hakuna, Mhandisi," Kirejeshi kilijibu kwa sauti yake isiyo na kabila wala umri. "Sura zote zimetimia."

Stesheni halisi, ile ya mawe na bati, haikutimia hata kidogo. Paa la ofisi ya mkuu wa stesheni lilishaezuliwa na watu wenye shida ya mabati. Mlango wa chumba cha kungojea haukuwepo. Kile kipande cha reli kilichokuwa kikining'inizwa na kugongwa badala ya kengele kilibaki na waya wake tu. Na juu ya yote hayo, kwenye nguzo ndefu kupita tangi la maji, lilipita bomba la chuma la Mshale, usafiri wa siku hizi, unaomtoa mtu pwani na kumfikisha ziwani kabla hajamaliza usingizi wake. Mshale hauna madirisha. Waliomo ndani hutazama skrini, na hawajui kama huku chini kuna Makutwe.

Ajabu ni kwamba watu wa Mshale ndio hao hao walioanza kuzipenda stesheni zilizokufa. Mwanadamu ndivyo alivyo, hukumbuka utamu wa muwa akishautema. Walianza kuja mmojammoja, wakipiga picha kuta zilizobomoka, wakaunda vyama, wakawa wanaleta wajukuu zao na kuwaonyesha mataruma ya reli yaliyooza. Kampuni moja iliyoitwa Rejea ikaona hapo pana kazi, ikamwajiri Masanilo.

Wasingeweza kupata mtu mwingine aliyefaa zaidi. Masanilo alikulia Kigoma, na kila likizo bibi yake alimpandisha treni kwenda kwa baba yake Dodoma. Alilala na kuamka dirishani. Alizijua stesheni kwa harufu kabla hajazijua kwa majina: hii ya asali, ile ya samaki wa kukaushwa, hii ya kuku. Ukimwuliza Makutwe ilikuwa nini, angekujibu kwamba Makutwe ilikuwa mikono, mikono mingi ikipanda hadi dirishani na vitu vya moto, na chini ya mikono hiyo nyuso zinazocheka. Picha hiyo hakuwahi kuachana nayo. Miaka sita aliyotumia kuunda Kirejeshi aliitumia akiitafuta, na sasa alikuwa ameipata. Makutwe ingekuwa stesheni ya kwanza kufunguliwa.

Kilibaki kiganja kimoja tu.

Sheria ya Sura haina mzaha. Hairuhusiwi kuinua sura ya marehemu mbele ya watu bila idhini ya ndugu wa damu aliye hai, na idhini hiyo hutolewa kwa kuweka kiganja juu ya kibao chenye kumbukumbu ya serikali. Ndugu wa wachuuzi wote wa Makutwe walikuwa wameweka viganja vyao, wengine kwa furaha, wengine kwa machozi. Aliyekataa alikuwa mama mmoja. Alikuwa ametuma jibu fupi: "Mimi sina picha ya mwanangu hata moja. Nionyesheni kwanza, nikimwona nitaweka mkono."

Gari la Rejea lisilo na dereva lilimfikisha muda mfupi baada ya hapo. Mlango ulifunguka wenyewe, akashuka polepole mama mrefu, mkavu, aliyejifunga khanga mbili na kubeba kikapu kidogo. Kabla ya kuuacha mlango aligeuka akaliambia gari, "Asante, baba."

"Shikamoo, mama," Masanilo alimkimbilia.

"Marahaba, mwanangu. Hili gari lenu halijibu salamu. Njia nzima nalisemesha, kimya."

"Halijafundishwa, mama. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi. Masanilo."

"Mimi Mama Semeni," alisema, ingawa Masanilo alimjua kwa jina hilo hilo tangu mwanzo. Watu wote walimwita hivyo, kwa jina la mtoto aliyekufa zamani, kabla Masanilo hajamaliza shule.

Masanilo alikuwa amemwekea kiti chenye mto kwenye kivuli. Mama Semeni alikipita kama hakukiona. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa stoo ya vifurushi, akainama, akapapasa ardhi kwa mguu wake hadi akapata mawe matatu yaliyozama mchangani, yenye weusi wa zamani.

"Jiko langu," alisema. "Hapa nilikaangia kuku miaka mingi kuliko umri wako. Wenzangu walihama wakarudi, mimi nilikuwa hapa." Akayatazama mawe kwa muda, kisha akanyanyuka na kurudi kwenye kiti. "Haya. Yuko wapi?"

Masanilo alitaka kumweleza kwanza habari za vumbi-nuru, asije akashtuka. Alieleza kwa uangalifu, kwa maneno aliyoyapanga tangu jana. Mama Semeni alimsikiliza kwa adabu, na alipomaliza akasema, "Mwanangu, nimezika mume, nimezika mtoto, nimezika na reli. Washa."

Masanilo akaashiria. Honi ikalia nyuma ya tangi.

Mama Semeni hakushtuka. Alisogea mbele kwenye kiti, mikono juu ya kikapu, na treni ilipoingia na wanawake kutokea na masinia yao, uso wake ulichangamka ghafla kama wa msichana. Akaanza kuwataja. "Yule Mbeleje. Yule Tausi, mchoyo yule, kuku wake wote mifupa! Yule pale mama yake Hamisi. Jamani, na ile khanga yake!" Alicheka, akajipangusa macho, akacheka tena. Masanilo alisimama nyuma yake na moyo ukamjaa. Aliwahi kuonyesha mtambo wake kwa mawaziri na maprofesa, na hakuna kicheko kilichompendeza kama hicho.

"Na Semeni?" aliuliza mama.

"Mbele kabisa, mama. Behewa linalofuata kichwa."

"Ehe. Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Kila mtu alikuwa na behewa lake, hukanyagi la mwenzio. Yeye alitaka la mbele ili aione treni kabla ya wote."

Kirejeshi kikasafisha njia. Wachuuzi wengine wakafifia, na chini ya dirisha la kwanza akabaki binti mmoja mwembamba wa miaka kumi na sita, sinia la mayai na kuku juu ya kichwa, mkono mmoja umenyooshwa dirishani. Alikuwa anacheka. Meno yalionekana, shavu moja likabonyea, na macho yalimetameta yakimtazama abiria asiyeonekana. Aligeuza kichwa, akamcheka abiria mwingine. Alikuwa mzuri, tena alikuwa hai. Pumzi ilionekana ikipanda na kushuka kifuani mwake.

Mama Semeni aliinuka. Alikwenda hadi mbele ya binti yake na kusimama karibu sana, kiasi kwamba baadhi ya chembe za vumbi-nuru zilimtua kwenye khanga. Alimtazama usoni. Alizunguka akamtazama upande wa pili. Alikaa hivyo hadi Masanilo akaona haya kuendelea kutazama.

Kisha mama akarudi kwenye kiti, akaketi.

"Ni yeye," alisema. "Lakini siye."

"Kuna mahali tumekosea, mama? Rangi? Urefu? Tunaweza kurekebisha."

"Hamjakosea kitu. Hata kile kidonda cha kidole kipo." Alitafuta namna ya kumweleza msomi jambo dogo. "Semeni hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa na mdomo huyo! Na kununa. Ukimtuma maji, ananuna. Ukimsifu, ananuna. Jirani alimwambia atazeeka kabla ya ndoa. Hiki kicheko ni cha abiria."

"Kicheko cha abiria?"

"Sura ya treni. Sisi tuliita hivyo. Msichana akija kuchuuza mara ya kwanza, wakubwa tunamfundisha: honi ikilia, vaa sura ya treni. Abiria hanunui kwa mtu aliyenuna. Basi unaivaa. Wewe umefiwa, umepigwa na mume, una homa, unaivaa. Treni ikishaondoka tunashusha sinia, na uso tunaushusha pamoja nalo." Aliwatazama wale wanawake wa mwanga, ambao Kirejeshi kilikuwa kimewarudisha. "Watazame. Wote wameivaa. Hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa upande huu."

Masanilo akatazama. Alikuwa ameitazama stesheni hii mara nyingi mno, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba ni kweli. Kila uso ulielekea treni. Kila mgongo ulielekea stoo ya vifurushi na yale mawe matatu. Ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu hakuna aliyepiga picha Makutwe isipokuwa abiria, na abiria alikuwa dirishani.

"Mnuneshe," alisema Mama Semeni.

"Mama?"

"Umesema kinaweza kukisia. Mfanye anune kidogo tu. Nimwone."

Masanilo alikipa Kirejeshi amri. Binti akashusha mkono. Kicheko kikamtoka, midomo ikabana, nyusi zikashuka, akatazama chini kwa namna ambayo ingewaridhisha watu wote duniani. Mama Semeni alimtazama kwa matumaini kwanza, kisha matumaini yakamwisha polepole.

"Huyo ni mtoto wa nani?" aliuliza.

"Ni Semeni, mama. Ila kununa kwenyewe… mtambo umekisia kutoka kwa wasichana wengine. Haukuwa na picha yake akiwa amenuna."

"Basi warudishie wenyewe."

Kipaza kidogo cha sikioni mwa Masanilo kikalia. Alikuwa Mkurugenzi Delfina, akiwa ofisini kwake pwani, akifuatilia kila kitu.

"Masanilo, unangoja nini? Mpe anachotaka. Akitaka anune, akitaka alie, akitaka aite 'mama', Kirejeshi kifanye. Endelea kumbadilisha hadi akubali mwenyewe. Wazee huwa wanakubali."

"Si yeye, Bi Delfina. Ninamtengenezea mtu mwingine."

"Nani atajua?"

"Yeye anajua."

"Masanilo, mimi nataka kiganja. Wageni wa ufunguzi wameshaalikwa."

Masanilo alichomoa kipaza akakitia mfukoni. Alichukua kibao cha idhini, akaja kuchuchumaa mbele ya Mama Semeni. Ni mama aliyeanza, bila kuulizwa, huku akitazama lile bomba la chuma kule juu.

"Wakati huo halikuwa huko juu. Walianza kwa kuweka njia yao hapa hapa chini, kando ya reli ya zamani. Wakatuita mkutanoni. Wakasema inakuja treni mpya, ya umeme, ya kasi, inaitwa Mshale. Tukashangilia, tukacheza na ngoma. Usiku wake tukachinja kuku kuliko siku zote, maana tulisema, treni kubwa ina abiria wengi." Alitikisa kichwa. "Hakuna aliyetuambia haitasimama. Na sisi hatukuuliza. Nani angeuliza, mwanangu? Kuna treni isiyosimama Makutwe? Treni ni kusimama. Isiposimama ni treni gani?"

Masanilo akakiweka kibao chini.

"Haikupiga honi. Tulisikia mvumo tu, kama nyuki. Wakubwa tukasema, hiyo inakuja, vaeni sura. Tukatoka wote. Semeni mbele, kama kawaida yake, kwenye ukingo kabisa, sinia juu. Hata hatukuiona vizuri. Upepo wake ndio uliomchukua. Sinia nililikuta ng'ambo ya reli, halina hata mkwaruzo." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Na nilipomfikia, mwanangu, alikuwa bado anacheka. Hakuwahi kuivua."

Upepo wa asubuhi ulipeperusha vumbi-nuru kidogo, na mikono ya wachuuzi ikatetema.

"Tangu siku ile, nikifumba macho naiona hiyo hiyo sura ya treni. Ile ya nyumbani imenipotea. Nimeitafuta usingizini, nimeitafuta kwa wajukuu wa dada yangu, haiji. Nikasikia kuna watu wana mashine ya kurudisha. Nikasema nitakwenda, labda nitaipata. Kumbe nanyi mnayo ile ile niliyo nayo mimi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Masanilo hakuwa na mtoto. Lakini aliona aibu, aibu ya kweli iliyompandisha joto masikioni. Alikumbuka utoto wake wote dirishani, zile nyuso alizozipenda, na akaelewa kwamba hakuwahi kumwona mtu yeyote Makutwe. Alikuwa ameona walichomwonyesha. Miaka sita ameijenga upya sura ya treni na kuiita kumbukumbu, na wiki ijayo angewaleta watu waje kuchekewa na maiti.

Akakifunga kibao na kukirudisha mkobani.

"Sitakuomba mkono, mama. Stesheni hii haitafunguliwa."

"Watakufukuza kazi?"

"Watanifukuza."

"Pole," alisema mama, na alimaanisha. Akafungua kikapu chake, akatoa chupa ya chai, akammiminia kwenye kifuniko. Walikunywa. Halafu, kwa vile mwenyeji hapaswi kumwacha mgeni katika uzito, alianza kumsimulia habari za baada ya treni. Treni ikishaondoka, alisema, wote walikuja hapa kwenye jiko lake. Abiria hawakununua shingo za kuku, hakuna abiria anayetaka shingo, basi shingo zote zilibaki, na ugali ukasongwa, wakala pamoja. Hapo ndipo waligombana, wakasengenyana, wakatafutiana wachumba, wakanyonyesha. Semeni alikuja wa mwisho siku zote, maana alikuwa mbali, behewa la mbele. Anakuja akiburuta miguu na bega moja limeshuka, amenuna, na kabla hajakaa anauliza shingo yake iko wapi.

"Mashine yako haiyajui hayo," alisema mama.

"Haikuyaona, mama. Treni ikiondoka, na wapiga picha wameondoka."

Alikuwa ameshasema maneno hayo alipokishusha kifuniko cha chai. Treni ina mkia. Mtu aliye kwenye behewa la mwisho huwa wa mwisho kuondoka.

"Kirejeshi," aliita. "Wakati wa kukusanya picha, kuna zozote ulizozitupa?"

"Nyingi, Mhandisi. Kwa agizo la mradi, picha zisizo na uso hazikutumika."

"Picha gani hizo?"

"Za sakafu. Za mawingu. Za watu waliogeuka."

"Zipo bado?"

"Hazijafutwa."

"Kuna zilizopigwa kutoka behewa la mwisho, treni ikiondoka Makutwe, zinatazama nyuma?"

Kirejeshi kilichukua muda. "Ipo moja inayofaa. Ni ya video. Mpigaji alikuwa mlango wa nyuma. Inaonekana alisahau kuzima. Hakuna uso unaoweza kutambuliwa. Treni inapinda kona, picha inakatika."

"Isimamishe. Kama ilivyo. Usijaze kitu."

Vumbi-nuru likainuka, safari hii jembamba, lenye matundu. Hapakuwa na treni. Palikuwa na jukwaa, na wanawake wakishusha masinia vichwani. Mmoja alikuwa akinyoosha kiuno. Mwingine alikuwa amekaa chini pale pale, miguu mbele, kama mzigo uliokatwa kamba. Wote walikuwa wamegeuka, wakielekea stoo ya vifurushi, na migongo yao ilikuwa migongo ya watu waliochoka.

Kutoka mbele kabisa ya jukwaa alikuja binti mwembamba, sinia tupu likining'inia mkononi likigonga paja. Aliburuta miguu. Bega moja lilikuwa limeshuka.

Chupa ya chai ikamtoka Mama Semeni mkononi.

"Eeeh," alisema taratibu. "Eeeh, mama yangu."

Aliinuka. Hakwenda kwa binti. Alikwenda kwenye yale mawe matatu, akakunja khanga yake, akaketi chini ukutani, pale pale alipokuwa akiketi. Kutoka hapo, Semeni alikuwa anamjia.

Masanilo akaona hatari, akaingiwa na hofu. Video ilipigwa kutoka nyuma. Kirejeshi kilikuwa na mgongo tu. Mbele ya binti hapakuwa na chochote, mwanga mtupu wenye umbo la mtu, na mahali pa uso palikuwa na weupe laini kama ganda la yai. Huo ndio ulioelekea kwa mama. Na picha ilikuwa inakaribia kukatika, hatua chache kabla binti hajafika.

"Mhandisi," Kirejeshi kilisema, "upande wa mbele hauna taarifa, na hatua za mwisho hazipo. Nijaze?"

Masanilo alifungua mdomo, lakini mama alimwahi, akainua mkono.

"Kiambie kisijaze," alisema. Alikuwa ameutazama ule weupe kwa macho makavu, yaliyofunguka wazi, na taratibu uso wake mwenyewe ulikuwa unakunjamana, midomo inabana, nyusi zinashuka, kwa namna ambayo hakuna mtambo ambao ungeweza kuikisia. "Kisijaze. Nimeshamwona."

Binti alikuja, bega limeshuka, sinia likigonga paja.

"Umechelewa tena," Mama Semeni alimwambia, akisogea kidogo kumpa nafasi ukutani. "Kaa ule. Shingo yako hii hapa, inapoa."

Masanilo aliwapa mgongo akabaki akitazama reli, maana chakula hicho hakikuwa cha abiria.